Mwalimu wako anakula wapi? Kwa mnaoanza kuandika filamu za wavulana

Kila mwaka nasoma miswada ya vijana wanaoanza kuandika filamu fupi. Inatoka Mbale, Tororo, Jinja, na hapa kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na karibu nusu yake inamhusu mvulana. Mvulana aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mvulana anayesukuma mkokoteni wa mahindi kuvuka forodhani. Mvulana aliyekwenda Kampala akamezwa na soko la Owino. Naisoma yote, tena kwa moyo, maana nami nilianzia hapo hapo. Ila nakutana na kasoro ile ile: mvulana ameandikwa kwa mapenzi, watu wazima wanaomzunguka wameandikwa kwa haraka. Baba ni mlevi, basi. Mwalimu ni mwema, basi. Mjomba anaibuka ukurasa wa tisa, anatoa nasaha, anaondoka, hatumwoni tena.

Niseme mapema jambo ambalo limenichukua miaka kulielewa. Filamu ya mvulana anayekua ni filamu ya mtu mzima anayetazamwa. Kijana huweza kusahau maneno yote aliyoambiwa, lakini hasahau alichomwona mkubwa wake akifanya siku ambayo mkubwa huyo alidhani hakuna anayemwangalia. Mkilishika hilo, mengine haya niyasemayo yatakuwa mepesi.

Mimi nililelewa na kibanda cha video. Huku Busia, mji ambao neno bodaboda lilizaliwa enzi za waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani, kibanda chetu kilikuwa cha mabati na maturubai, benchi za mbao, televisheni moja na deki moja. Nilikuwa darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kurudisha kanda nyuma. Mwenye kibanda tulimwita Mzee tu. Kila jioni kabla ya watu kuingia, Mzee alifungua deki kwa bisibisi, akaweka skrubu kwenye kifuniko cha soda ili zisipotee, akalowesha kitambaa kwa spiriti. Hakusugua. Alikigusisha kitambaa kwenye kichwa cha deki, kisha akakizungusha kichwa chenyewe kwa kidole, polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Hakuwahi kuniambia, "Njoo nikufundishe." Mimi nilikuwa nafagia, naye alikuwa na kazi yake.

Siku moja Mzee alilazwa kwa malaria, na picha ikajaa chenga katikati ya filamu. Watu wakaanza kupiga kelele wakidai pesa zao. Nilichukua bisibisi. Skrubu nikaziweka kwenye kifuniko cha soda. Mikono ilinitetemeka lakini nilijua kila hatua, na picha ikarudi. Mzee alipopona alikuja, akafungua deki, akaangalia ndani kwa muda, hakusema neno. Jioni ile alinyoosha mkono na kunipa kitambaa.

Nimeisimulia hii kwa urefu kwa sababu ndiyo inayonisaidia hadi leo ninaposoma miswada yenu. Jiulizeni: yuko wapi mtu mzima anayenyoosha mkono na kitambaa? Mara nyingi sehemu hiyo haipo, na mahali pake kuna hotuba ya nusu ukurasa.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Muswada wangu wa kwanza ulihusu mvulana na mwalimu wake wa hesabu. Mwalimu wangu alikuwa malaika. Alimlipia kijana karo, akamnunulia viatu, akamwambia maneno mazuri chini ya mwembe. Nilipeleka muswada kwenye warsha Kampala, na mama mmoja aliyekuwa akitusimamia, mhariri wa miaka mingi, akausoma wote kimya. Kisha akaniuliza swali moja: "Huyu mwalimu wako anakula wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikasirika siku mbili nzima, nikidhani hakunielewa. Siku ya tatu nilikaa nikaanza kujibu. Mshahara wake umechelewa. Kwa hiyo anakula mandazi kwa mkopo, kwa mama anayeuza getini. Deni limekuwa kubwa, kwa hiyo siku hizi anapita geti la nyuma. Na yule mama wa mandazi ni nani? Ni mama yake yule mvulana. Basi mvulana, akiwa amekaa dirishani darasani, anamwona mwalimu anayempenda kuliko watu wote akiruka ua la nyuma na mkoba wake mkononi. Hapo ndipo filamu ilipoanza. Amwambie mama? Anyamaze? Kesho atamtazamaje mwalimu ubaoni? Hotuba ya chini ya mwembe niliifuta yote, na sijawahi kuililia.

Tangu wakati huo nina maswali manne ninayomwuliza kila mtu mzima kabla sijamwacha aingie kwenye muswada. Anakula wapi? Anadaiwa na nani? Anamwogopa nani? Akivua viatu usiku, nani yuko chumbani naye? Jibuni kwenye daftari. Si lazima majibu yaonekane kwenye filamu, lakini yasipokuwepo kichwani mwenu mtu huyo atakuwa kipaza sauti tu. Tazameni Queen of Katwe ya mwaka 2016, aliyoiongoza Mira Nair. Najua mhusika wake ni msichana, lakini mtazameni yule kocha wa sataranji. Ni mtu aliyesomea uhandisi, anatafuta kazi ya maana, ana mke, na kila saa anayotumia na watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, inamgharimu kitu. Wema wake una bei, na ndiyo maana tunauamini.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii naiona kama somo zima la uandishi. Mtoto hakai pembeni akisikiliza hadithi za uhunzi. Yuko kwenye mivuo, jasho linamtoka, macho yake yako kwenye mikono ya baba. Ukitaka mvulana na mtu mzima wakaribiane kwenye filamu, wape kazi moja ya kufanya pamoja.

Sijaona filamu inayolionyesha hili kuliko Daratt ya Mahamat-Saleh Haroun wa Chad, ya mwaka 2006. Serikali imetangaza msamaha kwa waliotenda maovu wakati wa vita. Babu kipofu anamkabidhi mjukuu wake Atim, kijana wa miaka 16, bastola, akamtuma aende N'Djamena kumwua mtu aliyemwua baba yake. Atim anampata. Anaitwa Nassara, mzee mzima sasa, koo lake limeharibika kiasi kwamba anaongea kwa kifaa anachokiweka shingoni, na kazi yake ni kuoka mikate. Kijana anaomba kazi ili amkaribie. Anapewa. Na kuanzia hapo tunaona unga, chachu, tanuri, mikono miwili myeupe kwa unga ikikanda donge moja. Muuaji anamfundisha mtoto wa aliyemwua namna ya kutengeneza mkate.

Iangalieni mara mbili. Mara ya kwanza ifuateni hadithi. Mara ya pili zimeni sauti mtazame mikono. Mtaona kwamba chuki ya Atim na kitu kingine anachokiogopa zaidi, yaani hamu ya kuwa na baba, vyote vinapita kwenye lile donge la unga. Haroun hakuhitaji mhusika wa kusema, "Nimeanza kukupenda kama mwanangu, nawe umeanza kunisamehe." Mwisho wake sitausimulia, mkautafute wenyewe.

Kuna jambo wengi wenu mnalikwepa, nalo ni aibu ya mtu mzima. Mko radhi kumwonyesha baba akiwa mkali, akiwa mlevi, hata akiwa mwizi, lakini akifedheheka mbele ya mwanawe mnageuza kamera. Msigeuze. Kuna filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, ya Vittorio De Sica. Baba amepata kazi ya kubandika matangazo, kazi inayotaka baiskeli, na baiskeli inaibiwa siku ya kwanza. Yeye na mwanawe Bruno wanazunguka jiji la Roma kuitafuta. Mwishowe baba, amekata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine. Anakamatwa, anazingirwa, anapigwa makofi, kofia inamwanguka. Bruno ameona kila kitu. Mtoto anaiokota kofia, anaipangusa vumbi. Na wanapotembea katikati ya umati, baba analia, mtoto anaushika mkono wake.

Nani amemlea nani pale? Ndiyo maana filamu hiyo bado inatazamwa. Mtu wa Busia, aliyewahi kuona baiskeli ikikamatwa forodhani na mwenyewe akipiga magoti mbele ya watoto wake, hahitaji tafsiri.

Nikitaja tafsiri nawakumbuka ma-VJ wetu, wale wanaotafsiri na kusimulia filamu za kigeni kwa sauti yao juu ya picha. Wengi wetu Uganda tulijifunza sinema kupitia kwao, Kampala kwa Kiganda, na huku mpakani hata kwa kanda za DJ Afro kutoka Kenya kwa Kiswahili. Ni wasanii wakubwa. VJ hodari anakuambia mtu huyu anawaza nini, amekasirikia nini, atafanya nini. Nawaheshimu sana. Lakini VJ anafanya kazi hiyo juu ya filamu ambayo tayari imekamilika. Mwandishi anayeanza hujisahau akamweka VJ ndani ya mdomo wa mhusika: baba anajieleza, mama anajieleza, mwalimu anaeleza maana ya tukio tuliloliona sasa hivi. Ukimaliza rasimu, chukua kalamu nyekundu ukate kila sentensi ambayo VJ angeweza kuisema. Zitakazobaki ni zako.

Lugha nayo iangalieni. Mtoto wa hapa kwetu anaongea Kisamia na bibi yake, Kiswahili sokoni na kwa madereva wa malori, Kiingereza darasani, Kiganda akipanda taksi kwenda Iganga na mbele. Kila lugha ina mtu mzima wake. Nimesoma miswada ambayo kijana anaongea Kiswahili kimoja sanifu na kila mtu, kuanzia bibi hadi polisi, na kwa hiyo hatujui anamwogopa nani. Tena Kiswahili hapa Uganda kina kumbukumbu nzito. Kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba mwaka 2005, lakini wazee wengi, hasa Buganda, walikisikia kwanza kwa askari, na kwao ni lugha ya amri na kizuizi cha barabarani. Kwangu mimi ni lugha ya mama akipunguza bei ya nyanya. Mvulana anayezungumza Kiswahili nyumbani kwa babu aliyewahi kupigwa na wanajeshi enzi za Amin amebeba filamu nzima kwenye ulimi wake kabla hujaandika tukio lolote. Itumieni hiyo. Ni yetu.

Sasa watu wazima wanaoumiza. Hapa mnaandika kwa hasira, nami nawaelewa. Nilichapwa shuleni, na nina alama. Sheria ya Watoto iliporekebishwa mwaka 2016 ilipiga marufuku viboko shuleni, lakini ninyi mnaoandika sasa mnaniletea viboko vile vile vya utoto wangu, kwa hiyo najua sheria imetangulia na desturi inachechemea nyuma. Andikeni. Ila fimbo yenyewe haisemi mengi. Mtazamaji anafumba macho, na akifumba umempoteza.

Katika Kes, filamu ya Ken Loach ya mwaka 1969 iliyopigwa Barnsley, mji wa migodi ya makaa huko Uingereza, kuna wavulana wanaosubiri nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kuchapwa. Anakuja mtoto mdogo, katumwa tu kuleta ujumbe. Wale wakubwa wanamsukumia sigara zao mfukoni ili zisikutwe kwao. Mwalimu mkuu anawaita wote ndani, anahubiri muda mrefu, hamsikilizi yule mdogo anayejaribu kusema kwamba yeye kaleta ujumbe, na anamchapa pamoja na wengine. Uonevu wote wa shule ile uko kwenye kule kutosikilizwa. Kwa hiyo mkitaka kuonyesha mkubwa mkatili, muonyesheni asivyosikiliza. Onyesheni kusubiri, korido, na viatu vinavyokaribia mlango.

Na ndani ya filamu ile ile yuko mwalimu mwingine. Billy, mvulana mwenyewe, anafuga kipanga aliyemtoa kiotani. Darasani hasemi kitu, wote wanamwona mjinga. Mwalimu huyu anamwomba aeleze habari za ndege wake. Billy anasimama, anaanza kwa shida, kisha mikono yake inaanza kueleza namna ya kumfunga kipanga miguuni, namna ya kumzoesha nyama kwenye glavu, namna ya kungoja. Darasa zima linanyamaza. Mwalimu anauliza maswali kwa sababu kweli hajui. Baadaye anakwenda uwanjani kumtazama Billy akimrusha ndege, anasimama pembeni, mtu mzima amekuwa mwanafunzi. Linganisheni na miswada yenu: ni mara ngapi mtu mzima ndani yake anamwuliza mvulana swali ambalo yeye hana jibu lake? Ongezeni swali moja tu kama hilo, mtaona tukio linavyopumua.

Mnaotoka Bugisu, nina neno na ninyi. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu, yaani jando la Wagisu, inapofunguliwa Mutoto karibu na Mbale, ngoma za kadodi zikianza kulia, napokea simu: "Mwalimu, nataka kupiga filamu ya imbalu." Na kila rasimu inaishia kwenye kisu. Najua kwa nini. Kijana amesimama wima, amepakwa chachu ya ulezi, macho hayapepesi, umati umezunguka. Ni picha kubwa. Lakini kisu ni dakika chache, na hadithi iko kwenye majuma yaliyotangulia, kijana anapozunguka na njuga zake kwa ndugu, kwa wajomba, kuwaalika na kupokea zawadi. Kila nyumba anayoingia kuna mtu mzima mwenye jambo lake. Kuna mjomba aliyegombana na baba juu ya ardhi na sasa lazima aseme kitu. Kuna baba anayekumbuka siku yake mwenyewe, akiomba moyoni mwanawe asitikisike, maana akitikisika watu watasema juu ya ukoo mzima. Kamera yangu ningeiweka kwenye uso wa baba huyo. Mwili wa kijana muuacheni. Muombeni ruhusa yeye, muwaombe wazazi na wazee, na hata mkiruhusiwa, kuna vitu si vya kuonyeshwa.

Wavulana hawalelewi na wanaume peke yao, na inashangaza jinsi mnavyosahau hilo wakati wengi wenu mmelelewa na bibi zenu. Mtafuteni Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, filamu yake Yaaba ya mwaka 1989. Mvulana Bila anafanya urafiki na bikizee Sana, aliyetengwa na kijiji kwa kuitwa mchawi. Anamwita yaaba, yaani bibi kwa Kimoore. Hilo ndilo tendo kubwa la mvulana huyo, kumpa mtu jina la ujamaa ambalo kijiji kilimnyima. Sisi wenye shikamoo, mama mdogo na baba mkubwa tunaijua nguvu ya namna mtu anavyoitwa. Ukiandika tukio, angalia kijana anamwitaje mtu mzima mwanzoni na anamwitaje mwishoni. Wakati mwingine hiyo inatosha kuwa mabadiliko yote.

Ngoja niwaonyeshe jinsi tunavyofanya kazi mezani. Mwaka jana dada mmoja wa Tororo alileta muswada wa fundi baiskeli na mvulana yatima anayelala kwenye kibanda chake. Tukio la katikati lilikuwa na fundi akimwambia kijana, "Maisha ni kama tyubu, ukitobolewa unaziba unaendelea." Nilimwomba twende steji tukakae na fundi wa kweli. Tulikaa asubuhi nzima. Fundi alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kidogo kidogo kwenye beseni la maji akiizungusha, hadi povu dogo likatokea. Akaweka kidole pale pale, akakausha, akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, kisha akangoja. Hapo dada yule aliniangalia. Fundi hakubandika kiraka mara moja. Aliacha gundi ikauke kidogo, anaipuliza, anazungumza na wateja mambo mengine kabisa. Ndipo akabandika na kugonga kwa nyundo.

Tukarudi tukaandika upya. Katika rasimu mpya, fundi na kijana wamegombana juu ya pesa zilizopotea, hawasemezani. Analetwa mteja. Fundi anazamisha tyubu, anazungusha, haoni povu, macho yake yamepungua nguvu naye hataki mtu ajue. Anaizungusha tena. Kijana, kutoka alipokaa, ameliona povu. Anainuka, anaweka kidole kwenye tundu, hasemi kitu. Fundi naye hasemi. Anasogeza beseni upande wa kijana. Sentensi ya maisha na tyubu ikafutwa. Dada mwenyewe ndiye aliyeifuta.

Kuhusu watoto wenyewe wanaoigiza, sikilizeni vizuri, maana hapa muswada ukikosewa unaweza kuandikwa tena, mtoto hawezi. Pigeni picha Jumamosi na likizo, si siku za shule. Mzazi atie sahihi karatasi anayoielewa, katika lugha anayoisoma au asomewe. Malipo yaandikwe, yatolewe mtoto mwenyewe akiwepo. Ale kabla ya watu wote. Msipange matukio ya ndani kwenye nyumba ya mabati msimu wa mvua, mtapoteza sauti na mtoto atachoka kwa kurudia. Na asipigwe ili alie. Nililiona hilo kwa macho yangu, mwongozaji ambaye sitamtaja, alimzaba kijana wa miaka tisa kofi kisha akasema kamera izunguke. Machozi yalitoka, tukio likapatikana, na mtoto yule hakumtazama tena mtu yeyote machoni hadi siku ya mwisho. Nilikuwa pale, nikanyamaza. Kunyamaza kule bado kunaniuma.

Kuna njia nyingine. François Truffaut, katika Les Quatre Cents Coups ya mwaka 1959, ana tukio ambalo mvulana Antoine anahojiwa na mwanasaikolojia kwenye kituo cha watoto watukutu. Mama yule hatumwoni, tunasikia sauti yake tu. Kamera imebaki kwa kijana. Truffaut hakumwandikia majibu. Jean-Pierre Léaud, kijana wa miaka 14, alijibu kwa maneno yake, akichezea vidole, akitabasamu pasipostahili kutabasamu. Jaribuni hivyo. Mwelezeni mtoto mhusika wake ametoka wapi, mumwulize maswali, muwashe kamera, mngoje. Zoezi hili halina gharama yoyote, na nimepata kwalo mambo ambayo nisingeyaandika hata kwa mwaka.

Kujifunza zaidi kupo hapa hapa nchini. Maisha Film Lab, aliyoianzisha Mira Nair mwaka 2004, imewapitisha waandishi wengi wa Afrika Mashariki. Tamasha la Filamu la Uganda linalosimamiwa na Tume ya Mawasiliano lipo tangu 2013. Nendeni mkatazame, mkae viti vya mbele.

Jambo la mwisho ni la siku baada ya kumaliza kupiga picha. Filamu yangu ile ya mwalimu na mandazi tuliipiga kwa siku sita. Mvulana aliyeigiza tulimpata karibu na steji ya boda. Siku sita nilimwita kwa jina, nikala naye, nikamwuliza anaonaje. Siku ya saba tulifunga vyombo tukaondoka kwenda kuhariri Kampala. Miezi miwili baadaye nilipita pale, mama yake akaniambia kwamba kijana alikuwa akienda steji kila Jumamosi asubuhi, amevaa shati lile la filamu, akiuliza kama gari la kamera limefika.

Sasa hivi ninapomaliza, kabla vyombo havijafungwa, nakaa na mtoto chini nikamwambia kazi yetu imefika mwisho leo, na tarehe gani nitarudi. Naiandika tarehe kwenye karatasi, naye anabaki nayo. Siku hiyo narudi na filamu kwenye kompyuta, hata kama haijakamilika, tunaitazama nyumbani kwao, yeye akiwa katikati na ndugu zake pande zote, kabla mtu mwingine yeyote hajaiona.